Mtu Atakaye Kazi Katika Meli za Watalii

Mwezi wa Aprili mwaka 1498 Vasco da Gama alitia nanga mbele ya mji wa Malindi, baada ya kukosa amani Mombasa, na haja yake kubwa ilikuwa kupata rubani. Sultani wa Malindi akampa mtu aliyeijua njia ya kuvukia bahari mpaka Bara Hindi, na baada ya siku 23 merikebu zile zikaiona nchi ya upande wa pili, karibu na Calicut. Watu wengi husema kwamba rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid, mwanachuoni mashuhuri wa ubaharia. Wataalamu wa historia wa siku hizi hawalikubali neno hilo. Lisilo na shaka ni kwamba mtu huyo, awaye yote, alitakiwa kwa ajili ya elimu aliyokuwa nayo.

Vijana wa Malindi, Watamu, Kilifi na Mtwapa watamanio bahari siku hizi hawangojei jahazi la kaskazi. Watakayo ni meli za watalii, zile kubwa mfano wa mji, zizungukazo katika bahari ya Mediterania, visiwa vya Karibi na nchi za Ulaya ya kaskazini. Sababu yake si ngumu kuifahamu. Masika yanapoingia mwezi wa Aprili na upepo wa kusi unapoanza kuvuma, bahari huchafuka, wageni huondoka, na hoteli nyingi za Malindi na Watamu hufunga milango kwa miezi kadhaa. Mpishi aliyekuwa na mshahara mwezi wa Februari huonekana mwezi wa Mei amekaa barazani. Kijana wa namna hii akisikia ya kuwa iko hoteli isiyofungwa mwaka mzima, nayo huelea juu ya maji na kulipa kwa dola, hapana ajabu akitaka kwenda.

Tena anacho cha kupeleka. Mtu aliyetandika vitanda vya wageni Watamu miaka mitatu, au aliyekaanga samaki mbele ya watu mia wakimtazama, ameijua nusu ya kazi. Na wako wengi wa Malindi ambao, bila kupita mlango wa shule ya lugha, husema Kiitaliano cha kutosha kwa sababu ya wageni waliokuja na kukaa katika mji wao tangu miaka ya 1960 na 1970. Hilo si jambo dogo. Kampuni ya Costa chimbuko lake ni Genoa. Na MSC, ingawa ofisi yake kuu iko Geneva, mwanzo wake ulikuwa Naples. Mwishoni mwa miaka ya 2010 vijana wa Kenya walianza kuchukuliwa kwa makundi katika meli za MSC Cruises kwa mapatano na serikali. Kwa hiyo khabari hii si ndoto. Njia iko, na Wakenya wameipita.

Lakini yampasa atakaye kuipita afahamu kwanza ni kazi gani aiendeayo.

Meli iitwayo Icon of the Seas, iliyoanza safari zake mwezi wa Januari 2024, ina urefu wa mita 365. Huweza kuchukua abiria kadiri ya 7,600 pamoja na watumishi 2,350. Kazi za watumishi hao hugawanyika sehemu tatu. Wako watu wa sitaha, nao ndio nahodha, maafisa wake, washika sukani na mabaharia. Wako watu wa mitambo, walio chini na injini. Sehemu ya tatu, iliyo kubwa kupita zote, ni ya hoteli: wapishi, waandazi, watumishi wa vyumba, wafua nguo, waosha vyombo, vinyozi, wapiga muziki, walezi wa watoto, makarani wa mapokezi. Sehemu mbili za kwanza hutaka masomo ya miaka. Ya tatu ndiyo iliyo wazi kwa kijana wa pwani aliye na ujuzi wa hoteli, na kampuni nyingi humtaka awe amefanya kazi hiyo nchi kavu mwaka mmoja au miwili, awe amefika umri wa miaka 18, pengine 21, na afaulu mtihani wa Kiingereza.

Hapo ndipo wengi hukosea hesabu. Hudhani kwamba kazi ya melini ni kazi ya hoteli ile ile, ila chumba kimehamishiwa baharini. Sivyo. Hoteli ya Malindi ikishika moto, mtumishi hutoka na wageni wake mpaka barabarani, na wazima moto huja. Meli ikishika moto maili 200 kutoka pwani, hapana barabara, na wazima moto ni wao wenyewe, yaani mpishi, dobi na mwosha vyombo. Kila mtumishi, hata yule ambaye kazi yake ni kuchanganya maji ya matunda, amepewa nambari na mahali pake pa kusimama siku ya hatari. Mmoja huwaongoza abiria ngazini, mwingine huhesabu watu na kuwavika majaketi ya kuokolea, mwingine huwa katika kundi la kuteremsha mashua.

Mambo haya hayakuandikwa kwa kupenda kuandika. Baada ya Titanic kuzama mwaka 1912, mataifa yalikutana London na mwaka 1914 yakafanya mapatano ya kwanza ya usalama wa watu baharini. Mapatano hayo yamebadilishwa mara nyingi tangu hapo. Sharti lake mojawapo leo ni kwamba, abiria wakisha kukusanyika na kuvaa majaketi, mashua zote ziweze kuteremshwa zikiwa na watu wake katika muda wa dakika 30. Ishara ya hatari ni milio saba mifupi au zaidi ya king'ora, kisha mmoja mrefu. Baharia yeyote hushtuka aisikiapo, hata akiwa usingizini.

Usiku wa tarehe 13 Januari 2012, saa tatu na robo tatu, meli ya Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, nchi ya Italia. Ndani yake walikuwamo watu zaidi ya 4,200. Amri ya kuihama meli ilikawia zaidi ya saa nzima, na meli ilikuwa imekwisha kulala upande. Watu 32 walikufa. Nahodha, ambaye aliondoka melini kabla ya watu wake kwisha kutoka, alihukumiwa kifungo cha miaka 16. Katika giza lile wengi wa waliobaki wakiwaonyesha abiria njia ya mashua hawakuwa maafisa, bali watumishi wa mezani na wa vyumba. Baada ya msiba huo sheria ilikazwa: tangu tarehe 1 Januari 2015 abiria hufundishwa mambo ya usalama kabla meli haijang'oa nanga au mara ing'oapo, ambapo zamani iliruhusiwa kungoja hata saa 24.

MASOMO YASIYOEPUKIKA

Kwa sababu hiyo yako mafunzo ya lazima kwa kila mtu apewaye kazi za usalama melini, nayo yametajwa katika mapatano ya mataifa ya mwaka 1978 yajulikanayo kwa herufi STCW. Mafunzo ya msingi ni kujiokoa baharini, kuzuia na kuzima moto, huduma ya kwanza kwa aliyeumia, usalama wa mtu mwenyewe na maisha ya pamoja melini. Na juu ya hayo, somo la kuwa macho juu ya wahalifu na wavamizi. Kwa Kenya hufundishwa katika vyuo vilivyokubaliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Baharini ya Kenya, iliyoundwa mwaka 2004, na ambayo ndiyo itoayo vyeti. Chuo kijulikanacho zaidi ni Bandari Maritime Academy cha Mombasa, kilichopata cheo chake cha sasa mwaka 2018.

Somo la kujiokoa hufanywa majini. Mwanafunzi huvaa jaketi, huruka kutoka mahali pa juu, huogelea nalo. Kisha hulivua na kukaa akielea bila kitu. Hupewa chelezo cha mpira kilichopinduka, naye hana budi kukigeuza peke yake, kisha apande ndani. Kijana aliyekulia kando ya hori ya Kilifi au mwambao wa Mayungu na Ngomeni atayacheka maji hayo. Yule wa Ganze au Bamba, ambako maji ya kunywa yenyewe ni ya kutafuta, ni vema ajifunze kuogelea kabla ya kulipa ada. Haya si maneno ya dharau. Wako waliolipa, wakafika ukingoni, wakatetemeka, na fedha zikapotea.

Somo la moto nalo lina kishindo chake. Wanafunzi huingizwa katika chumba chenye moshi, wamevaa vyombo vya kuvutia hewa, wakatambaa kwa kupapasa ukuta. Mtu ajifunzaye jambo hili mara moja haachiwi mpaka uzee: kila baada ya miaka 5 hana budi kuonyesha tena ya kwamba ajua kujiokoa na kuzima moto.

Vyeti vingine ni pasipoti. Kitabu cha baharia, ambamo huandikwa kila meli aliyoitumikia mtu. Cheti cha polisi cha mwenendo mwema. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Na cheti cha daktari aliyekubaliwa kuwapima mabaharia. Cheti cha daktari muda wake haupiti miaka 2, na kwa aliye chini ya miaka 18 mwaka mmoja tu. Daktari hupima macho, masikio, kifua na damu. Hupima na mkojo pia, na hapo wapo vijana hodari wa Malindi na Mtwapa waliorudishwa nyumbani kwa sababu ya bangi waliyovuta wiki mbili kabla, wakidhani imekwisha kutoka mwilini. Melini vipimo hivyo hurudiwa bila kupigiwa mbiu, na aonekanaye na dawa za kulevya hushushwa bandari ya karibu.

MTU AOMBAYE FEDHA

Sasa tufike penye jambo lililoleta machozi katika nyumba nyingi za pwani.

Mathalani, mtu wa makamo wa Magarini ana mtoto aliyesoma hoteli. Anakuja mgeni aliyevaa vizuri, au pengine haji, ni sauti tu katika simu. Asema kwamba yeye ni wakala wa kampuni kubwa ya meli. Anayo barua yenye chapa ya kampuni hiyo, rangi zake na picha ya meli. Nafasi ni kumi tu, na tisa zimekwisha kushikwa. Yatakiwa shilingi kadhaa za kuandikishwa jina, wiki ya pili, za viza, wiki ya tatu, za tikiti ya ndege, ambazo "zitarudishwa melini." Baba auza mbuzi, kisha minazi mitano, kisha kipande cha shamba alichoachiwa na babaye. Fedha huenda kwa simu, moja baada ya moja. Siku ya safari kijana afika Mombasa na sanduku lake, na ile nambari ya simu haipatikani tena.

Sheria juu ya jambo hili ni wazi kabisa, na laiti ingalijulikana mapema ingaliokoa mashamba mengi. Mapatano ya Kazi za Baharini ya mwaka 2006, yaliyoanza kutumika duniani mwezi wa Agosti 2013 na ambayo Kenya iliyakubali mwaka 2014, yanakataza mtu yeyote kumtoza baharia fedha kwa ajili ya kumtafutia au kumpa kazi. Gharama ziwezazo kuwa juu ya baharia mwenyewe ni za cheti cha daktari, kitabu cha baharia, na pasipoti au karatasi za safari za namna hiyo. Viza ni juu ya mwenye meli. Imeandikwa hivyo hivyo, kwa kutajwa. Basi wakala aombaye fedha za viza amekwisha kujifunua.

Hapa yafaa kutenganisha mambo mawili ambayo matapeli hupenda kuyachanganya. Ada ya masomo hulipwa, lakini hulipwa kwa chuo, katika akaunti ya chuo, na mwanafunzi hupewa risiti. Wakala asemaye "nipe mimi, nitakulipia chuoni" na aachwe. Kadhalika wakala wa kweli ana leseni ya Mamlaka ya Usafiri wa Baharini, na mtu yeyote aweza kwenda au kuuliza kwa Mamlaka kama jina hilo limo katika orodha. Kuuliza huko hakugharimu shilingi. Kampuni ya kweli humhoji mtu kabla ya kumwajiri, mara nyingi zaidi ya mara moja, na humwuliza maneno ya kazi yake: kitanda hutandikwaje, mgeni asiyeweza kula karanga huhudumiwaje. Barua ya kazi ijayo bila mahojiano haina nyuma wala mbele.

Alama nyingine ni viza yenyewe. Baharia aendaye kupanda meli katika bandari ya Marekani hupewa viza ya mabaharia. Akipewa viza ya mtalii na kuambiwa kwamba ataibadilisha huko mbele, na asimame hapo hapo, asipande ndege.

MKATABA

Kabla ya kusafiri baharia hutia sahihi mkataba, na ni haki yake kupewa nafasi ya kuusoma na kuuliza shauri, na kubaki na nakala yake iliyotiwa sahihi. Nakala nyingine iachwe nyumbani, na mtu wa nyumbani ajue jina la meli, jina la mwenye meli, na nchi ambayo meli imeandikishwa. Neno hili la mwisho huwashangaza wengi. Meli yaweza kuwa ya kampuni ya Marekani na kupepea bendera ya Bahamas au Panama, na sheria itawalayo ndani yake ni ya bendera ile.

Mkataba hutaja cheo, mshahara, saa za kazi, likizo na matibabu. Kwa mabaharia hodari wa sitaha kiko kiwango cha chini kilichopatanwa chini ya Shirika la Kazi Duniani, nacho kwa mwaka 2025 kilikuwa dola 673 kwa mwezi kabla ya kuongezwa malipo ya saa za ziada. Watumishi wa hoteli mishahara yao hutofautiana sana, na baadhi hutegemea bakshishi za abiria. Asiyeuliza tofauti ya mshahara na bakshishi asilaumu mtu baadaye. Jambo jingine lisilosemwa na madalali ni kwamba wengi wa watumishi hao hulipwa kwa miezi wawapo melini tu. Mkataba wa miezi 7 ukiisha na mtu akakaa nyumbani miezi miwili akingojea mwingine, miezi hiyo miwili hana kitu.

Na kazi si nyepesi. Sheria hutaka baharia apate mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24, na saa 77 katika siku saba. Aliye mwepesi wa hesabu ataona ya kuwa bado zabaki saa nyingi za kutumikishwa. Siku ya Ijumaa au Jumapili ni siku kama nyingine. Chumba cha kulala ni kidogo, hulaliwa na wawili au zaidi, mara nyingi hakina dirisha. Mtu aweza kupita mbele ya Barcelona mara ishirini asiikanyage. Yuko binti aliyesema kwamba kwa miezi miwili ya kwanza hakujua kama ni mchana au usiku ila kwa harufu ya mikate.

Yako na majanga yasiyotazamiwa. Mwezi wa Februari 2020 meli ya Diamond Princess ilizuiwa katika bandari ya Yokohama, Japani, na watu zaidi ya 700 waliokuwamo wakapatikana na ugonjwa wa korona. Mwezi wa Machi safari za meli za watalii zikasimama ulimwenguni pote. Abiria walirudishwa makwao, lakini watumishi wengi walibaki melini kwa miezi, kwa kuwa bandari zilifungwa na ndege hazikuruka. Tangu mwaka 2017 mapatano huwataka wenye meli waweke dhamana ya fedha, ili baharia aliyetelekezwa apate kurudishwa kwao na kulipwa mshahara wake usiolipwa hata miezi minne. Gharama ya kumrudisha baharia nyumbani mkataba uishapo ni juu ya mwenye meli pia.

Aliyedhulumiwa melini na apeleke shauri lake kwanza kwa mkuu wa sehemu yake, kisha kwa nahodha. Asiposikilizwa, aweza kumwendea mkaguzi wa meli katika bandari yoyote, au chama cha wafanyakazi wa uchukuzi kiitwacho ITF. Pasipoti ikiwekwa na karani wa meli kwa ajili ya ukaguzi wa bandarini, hiyo ni desturi, asiogope. Wakala wa nchi kavu aishikaye pasipoti ya mtu "mpaka deni liishe," huyo na ashitakiwe polisi.

Mwishoni mwa mkataba baharia hupeleka kitabu chake kuandikwa tarehe ya kupanda, tarehe ya kushuka, jina la meli na kazi aliyoifanya, na kupigwa muhuri. Na asishuke ngazi kabla ya kuusoma ukurasa ule, akilinganisha tarehe na zile za mkataba wake. Kosa la siku kumi huandikwa upya kwa dakika moja melini. Likigunduliwa Malindi, litagharimu barua za miezi. Kitabu hicho akiweke mahali pakavu penye usalama, pamoja na cheti cha moto na cha kujiokoa, kwa kuwa kampuni ya pili itakiuliza kabla ya kumwuliza kama ajua kupika.